Nyumba ya Mjane: Jinsi Martin na Katharina Luther Walivyojitafutia Makazi

Katika historia ya usharika wowote sura ya majengo huwa ndefu. Huandikwa msingi ulichimbwa lini, nani alitoa mbao, bati zilifika kwa njia gani na kengele ilitoka wapi. Nyumba ya mchungaji nayo hutajwa, lakini kwa sentensi moja au mbili tu. Kinachosahauliwa ni swali ambalo mke wa mchungaji hulibeba moyoni miaka yote anayoishi ndani ya nyumba hiyo. Nyumba ni mali ya usharika, wala si ya mumewe. Basi siku mume atakapofumba macho, mama huyo na watoto wake watakwenda wapi? Swali hili si geni katika Kanisa la Kilutheri. Umri wake ni sawa na umri wa Kanisa lenyewe, kwa maana lilimsumbua Daktari Martin Luther, na ndilo lililomfanya katika miaka yake ya mwisho anunue nyumba kuukuu na ardhi yake, hali akiwa na madeni.

Wakristo wengi wanajua kwamba Luther aliishi Wittenberg katika jengo kubwa lililokuwa makao ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Jengo hilo lilianza kujengwa mwaka 1504, na watu waliliita Nyumba Nyeusi kwa sababu ya rangi ya mavazi ya watawa. Luther alipofunga ndoa na Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525, watawa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 41 na bibi arusi miaka 26. Bibi arusi huyo naye alikuwa mtawa, aliyetoroka makao ya Nimbschen miaka miwili kabla ya hapo, wala hakuja na mali yoyote kutoka kwao. John, Mtawala wa Saksonia, ambaye kama waliomtangulia aliitwa Mteule kwa kuwa alikuwa mmoja wa wakuu saba wenye haki ya kumchagua Kaisari, alimpandishia Luther mshahara ukawa gulden 200 kwa mwaka, akawaachia wanandoa hao jengo lile wakae humo.

Kukaa ni jambo moja na kumiliki ni jambo lingine. Kwa miaka saba Katharina alipaka chokaa, akarekebisha vyumba na kulima uwanja wa nyumba ambayo hakuna hati iliyosema kuwa ni yake wala ya mumewe. Hati ilipatikana tarehe 4 Februari 1532. Ndani yake Mteule John aliwapa jengo pamoja na ua na bustani, likiwa huru bila kodi, pamoja na haki ya kutengeneza bia. Haki hii ya mwisho huenda ikawatabasamisha baadhi ya wazee wa Kanisa, lakini katika Wittenberg ya wakati ule bia ilikuwa kinywaji cha kila siku cha nyumbani, na Mama Katharina alisifiwa kwa ustadi wake katika kuipika.

Jengo lilikuwa pana na lenye kula fedha. Mwaka huohuo wa 1532 ukuta wa ghala la chini uliporomoka wakati Luther na mkewe walipokuwa wakilikagua, nao wakanusurika kifo. Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo Katharina, binti wa ukoo wa kikabaila uliofilisika, alilitambua mapema kuliko mumewe: lilikuwa na nafasi. Katika ua aliweka mazizi ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Ndani ya vyumba alipokea wanafunzi waliolipa chakula na malazi, yatima wa jamaa, wageni, na wakimbizi wa imani, hata wakawa watu thelathini na zaidi chini ya paa moja. Mume alifundisha, alihubiri na kuandika, wala hakudai malipo kwa vitabu vyake. Mke alihesabu magunia.

Bustani ya nyumba haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1530 Katharina alimsihi mumewe anunue bustani nyingine nje ya malango ya mji, mahali palipopitiwa na kijito. Luther hakutaka. Baadaye aliwaeleza rafiki zake kwamba hakuinunua kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba alishindwa kustahimili maombi na machozi ya mkewe. Ikanunuliwa. Katika bwawa lake Mama Katharina alivua samaki wa namna mbalimbali, na mumewe, ambaye hapo awali alikuwa mpinzani, alisema mezani kwamba mkewe alifurahia samaki wale wachache kuliko kabaila afurahiavyo mabwawa yake makubwa. Mwaka 1542, ilipofanywa hesabu ya mali kwa ajili ya kodi ya vita dhidi ya Waturuki, Luther aliandika ng'ombe 5, ndama 9, mbuzi 1 na wanawe 2, nguruwe 8, nguruwe majike wa uzazi 2 na vitoto 3. Mtawala alikuwa tayari kumsamehe kodi hiyo, lakini yeye aliomba alipe kama raia wengine, ili asiwe kikwazo kwa mfano wake.

Kwa mtu anayeitazama familia hii kwa nje, hapakuwa na haja ya kununua tena. Walikuwa na jumba, ua, bustani na mifugo. Kwa nini basi mwaka 1540 wakatumia gulden 610 kununua shamba dogo la Zülsdorf, kusini mwa Leipzig, umbali wa safari ya siku mbili kutoka Wittenberg?

Shamba hilo lilikuwa mali ya ukoo wa Bora, na aliyekuwa akilishika ni Hans, kaka yake Katharina, ambaye alishindwa kulitunza. Nyumba yake ilikuwa imechakaa na udongo wake haukuwa wa sifa. Ndiyo sababu bei yake ilikuwa ya kufikika. Kwa kipimo cha mshahara aliopewa Luther alipooa, gulden 610 zilikuwa mapato ya miaka mitatu na kidogo, fedha nyingi kwa mwalimu, lakini chache kwa shamba lenye nyumba. Ukitaka kupima, shamba la Wachsdorf, lililokuwa jirani zaidi na Wittenberg, lilipouzwa mwaka 1546 liligharimu gulden 2,200. Luther alimwomba Mteule mpya, John Frederick, miti ya mialoni ya kukarabatia nyumba ya Zülsdorf, naye akaipata. Katharina alisafiri huko kwa gari la farasi, akakaa majuma kadhaa kila mara, akisimamia mafundi na mavuno. Mumewe alimtania katika barua akimwita tajiri wa Zülsdorf, ambaye mwili wake unakaa Wittenberg na roho yake inatembea shambani. Utani huo ulikuwa wa upendo, lakini ulificha jambo ambalo wote wawili walilijua. Zülsdorf ilikuwa mahali pa kwanza duniani ambapo Katharina angeweza kusimama na kusema hapa ni kwetu, bila kutegemea hisani ya mtawala wala cheo cha mumewe.

Mwaka uliofuata, 1541, wakanunua nyumba nyingine. Hii ilikuwa ndogo, kando ya Nyumba Nyeusi, nayo ilikuwa ya Bruno Brauer. Bei yake ilikuwa gulden 430, na ilinunuliwa kwa jina la Wolfgang Sieberger, mtumishi wa miaka mingi wa Luther. Majirani wangeweza kushangaa: mwenye jumba kubwa kuliko yote mtaani ananunua kijumba kilicho ubavuni pake! Lakini Luther alikuwa akipiga hesabu ya mjane. Jumba lile kubwa mwanamke peke yake asingeweza kulitunza, maana paa lake peke yake lingemmaliza. Nyumba ya Bruno angeiweza. Hivyo mpango ulikuwa huu: nyumba ya Bruno iwe mahali pa kulala mjane, na Zülsdorf iwe mahali pa kupata mkate wake.

Hapa yafaa kueleza sheria ya Saksonia ilivyokuwa. Mjane hakuhesabiwa kuwa mrithi wa mumewe. Alikuwa na haki ya vitu vichache vya matumizi ya kike na vile alivyoahidiwa katika ndoa. Watu walisema kwa mkato kwamba mjane huondoka na kiti chake na kijiti chake cha kusokotea uzi. Mali ilikuwa ya watoto, na juu ya watoto na juu ya mjane mwenyewe waliwekwa wasimamizi wanaume. Mwanamke aliyeendesha nyumba ya watu thelathini angeamka siku moja baada ya mazishi akiwa mgeni katika jiko lake.

Tarehe 6 Januari 1542 Luther aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwita mwanasheria, kwa kuwa hakuwa na imani nao, na jambo hilo lingeweza kumgharimu Katharina kila kitu. Alimwachia mkewe Zülsdorf, akamwachia nyumba ya Bruno iwe makazi yake, akamwachia na vikombe na vito vyenye thamani ya karibu gulden 1,000. Alitaja pia madeni yake, yapatayo gulden 450, akamwagiza mkewe ayalipe. Kisha akatoa sababu zake. Mkewe amemtunza kwa uaminifu na kumzalia watoto. Tena, hakutaka mama aitazame mikono ya watoto wake ili apate riziki, bali watoto ndio waitazame mikono ya mama yao na kumheshimu kama Mungu alivyoamuru. Alikuwa ameona, asema, jinsi ndimi mbaya zinavyoweza kuwachochea watoto dhidi ya mama aliyefiwa, hasa wana wakishaoa na mabinti wakishaolewa. Hakuna msimamizi wa watoto aliye bora kuliko mama yao mwenyewe. Philip Melanchthon, Caspar Cruciger na Johannes Bugenhagen wakatia sahihi kama mashahidi.

Msomaji wa Tanzania hatahitaji maelezo marefu hapa. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, mwaka uleule ambao Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa, zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Hilo ndilo hasa neno ambalo Luther alilikataa mwaka 1542. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo, wachungaji waliokwisha kukaa katika vikao vya ukoo baada ya matanga wanajua jinsi ilivyo mbali kutoka kitabu cha sheria hadi uani kwa marehemu.

Kwamba Luther hakuwa akiota hofu isiyo na msingi kunaonekana katika barua yake ya Julai 1545. Akiwa safarini, amechoka na kuchukizwa na mienendo ya watu wa Wittenberg, alimwandikia mkewe kwamba hataki kurudi. Alimshauri auze bustani, shamba na nyumba, amrudishie Mteule jumba kubwa, na ahamie Zülsdorf wakati mumewe angali hai, ili mshahara uweze kusaidia kuliboresha shamba. Alisema wazi kwamba akishakufa, mji ule hautamvumilia mkewe. Chuo Kikuu kilishtuka, wajumbe wakatumwa kumbembeleza, naye akarudi. Katharina hakuuza hata mita moja ya bustani. Haijulikani walizungumza nini mlango ulipofungwa, lakini mtu anaweza kufikiri kwamba mama huyu, aliyefuga, kulima na kujenga hapo kwa miaka ishirini, hakuona sababu ya kukimbia kabla hajafukuzwa.

Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Yaliyotabiriwa yakaanza mara moja. Chansela wa Saksonia, Gregor Brück, mwanasheria hodari na Mlutheri wa kweli, tena mtu aliyekuwa amesimama na Luther katika mambo makubwa, hakumwamini mjane. Aliona mama huyo anapenda mno kununua na kujenga. Alishauri aondoke katika jumba kubwa, apunguze watumishi, na wana watengwe naye wakalelewe na kusomeshwa chini ya uangalizi wa wengine. Wosia nao haukuwa umefuata taratibu za kisheria. Ni fundisho chungu kwamba mtu mwema aweza kumwonea mjane huku akidhani anamsaidia. Lakini Mteule John Frederick aliuthibitisha wosia mwaka huohuo, pamoja na kasoro zake. Wasimamizi wanaume waliwekwa kama sheria ilivyotaka, lakini Katharina alibaki na nyumba, na watoto walibaki na mama yao.

Naye akanunua tena. Mjane wa miezi michache, aliyekuwa akichunguzwa kila hatua, alitaka shamba la Wachsdorf. Brück alipinga, akisema ardhi ile hufunikwa na mafuriko. Katharina alishikilia neno lake. Mteule alitoa gulden 2,000 kwa ajili yake na watoto, na shamba likanunuliwa. Wapo wanaomlaumu kwa tamaa ya ardhi. Lakini lawama hiyo haiwezi kusimama mbele ya hesabu: mshahara wa mume ulikuwa umekoma, watoto wanne walikuwa wangali wanasoma au wanalelewa, na mwanamke hakuruhusiwa kushika kazi ya chuo wala ya Kanisa. Ardhi ndiyo iliyokuwa imebaki. Mithali 31 inamsifu mke anayenunua shamba, na hakuna mahali inaposema asifanye hivyo akifiwa.

Kilichomshinda hakikuwa Brück, kilikuwa vita. Kabla mwaka 1546 haujaisha, majeshi yaliikaribia Wittenberg, naye akakimbilia Magdeburg na watoto. Alirudi, akakimbia tena mwaka 1547, safari hii hadi Braunschweig. Aliporejea, Nyumba Nyeusi ilikuwa imesimama, lakini mashamba yalikuwa yameharibiwa na mifugo imechukuliwa. Mteule John Frederick, aliyekuwa mlinzi wake, alikuwa mfungwa wa Kaisari. Katharina alikopa fedha kwa dhamana ya mali yake, akapangisha vyumba kwa wanafunzi kama zamani, akamwandikia Mfalme Christian wa Tatu wa Denmark kuomba msaada. Hapo ndipo jumba lile lenye vyumba vingi, ambalo wanaume wenye busara walitaka aliache, lilipomlisha.

Mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg, na Chuo Kikuu kikahamia Torgau. Katharina alifuata na watoto wake wadogo. Njiani farasi walishtuka, akaruka kutoka kwenye gari, akaanguka vibaya mtaroni. Hakupona. Alikufa Torgau tarehe 20 Desemba 1552, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria la mji huo, mbali na kaburi la mumewe lililoko Wittenberg.

Watoto waliuza Zülsdorf mwaka 1553 kwa gulden 956. Lilikuwa shamba lililonunuliwa kwa gulden 610 likiwa na nyumba kuukuu na udongo hafifu, likapitiwa na vita, na bado likawaachia ziada ya gulden 346. Nyumba Nyeusi, pamoja na ua wake, waliiuzia Chuo Kikuu mwaka 1564 kwa gulden 3,700. Baadaye ikawa makumbusho, na mwaka 1996 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni huingia kwa kupitia mlango wa mawe wenye viti viwili vya kuchongwa, kimoja kila upande. Katharina aliagiza mlango huo kama zawadi kwa mumewe mwaka 1540, mwaka uleule waliponunua Zülsdorf.